Pingamizi Dhidi ya Neno la Siri la Bi. Mize

Jamhuri ya Stara haimo kwenye ramani yoyote. Wenyewe wanasema iliondolewa kwa ombi lao, kwa sababu za faragha. Basi msihangaike kuitafuta, wala msiniambie kwamba inafanana na nchi mnayoijua. Mimi sikusema hivyo, na ninyi mkisema mtakuwa mmesema wenyewe.

Katika nchi hiyo siri ya mwananchi ni jambo kubwa. Kuna wizara nzima ya kuzishughulikia, Wizara ya Siri za Wananchi, yenye jengo la ghorofa kumi na moja na kuta zote za vioo, ili mpita njia aone kwa macho yake jinsi siri yake inavyotunzwa. Ghorofa ya tatu wamo watumishi wanaozisoma siri ili kuhakikisha kwamba ni siri kweli. Ghorofa ya nne wamo wanaozisoma tena, kuhakikisha wenzao wa chini hawakuruka mstari. Ghorofa zilizobaki ni za mikutano.

Siku moja Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani, akapangusa jasho na akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Mmezoea kuambiwa kwamba adui wa siri zenu yuko ng'ambo. Si kweli! Adui wa siri yuko jikoni kwako, anakuchemshia uji! Wataalamu wetu walijifungia hotelini siku nne wakafanya utafiti wa kina. Wamebaini kwamba mgonjwa anapoibiwa siri zake mtandaoni, mtu wa kwanza kujua huwa ni yule anayemuuguza. Sasa jiulizeni, kajuaje?"

Makofi yakapigwa mpaka vipaza sauti vikalia. Na kabla makofi hayajaisha, akaunti za wagonjwa wote wanaouguzwa majumbani zilikuwa zimefungwa, mpaka hapo walezi wao watakapohakikiwa.

Makofi hayo Chumu aliyasikia kwenye redio akiwa anapika uji. Alikuwa fundi baiskeli, umri wake hamsini na mbili, na uji ule ulikuwa wa mama mkwe wake, Bi. Mize.

Mkewe, Raya, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Watu walitarajia Chumu afungashe virago arudi kwao, lakini Bi. Mize hakuwa na mtoto mwingine, na haikupita muda akapigwa na kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kulia. Ulimi wake ulisalimika, na majirani waliowahi kugombana naye wangeweza kuthibitisha. Chumu akabaki. Hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyemshukuru, naye hakuona kama kuna cha kushukuriwa. Alipika, alifua, alimpangia dawa zake kwa rangi na kwa saa, na alijua ni siku gani uji uwe mwepesi na ni siku gani uwe mzito.

Ila mtu na mama mkwe wake wana mpaka, na mpaka wao ulikuwa pazia la maua la mlango wa chumba cha ndani. Katika miaka yote hiyo Chumu hakuwahi kulivuka. Sinia aliliweka kwenye kigoda karibu na pazia, akakohoa, akasema "Mama, chakula," kisha akageuza uso. Kuoga na mambo mengine ya chumbani yalikuwa ya Bi. Kazija, jirani yao, aliyekuja kila asubuhi. Na kila mwisho wa mwezi, dawa zilipokaribia kwisha, Chumu alishika simu ya mama mkwe wake, akafungua Kisanduku cha Afya, ule mfumo wa serikali wa kuombea dawa, na Bi. Mize akamnong'oneza neno la siri kupitia pazia. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hawakumkera mtu.

Siku ile Kisanduku hakikufunguka. Kiliandika kwa maandishi mekundu: *Kwa usalama wako, huwezi kuingia.*

Chumu akahesabu vidonge vya kuzuia damu isigande. Vilikuwa kumi na vinane, na Bi. Mize alimeza viwili kwa siku. Akafunga duka lake la baiskeli akaenda kituo cha afya.

"Baba, nakuelewa," mtoa dawa alimwambia kwa upole. "Na dawa zenyewe ninazo, zile pale kwenye rafu nyuma yangu. Lakini mfumo haujaniambia."

"Si nakwambia mimi?"

"Wewe si mfumo, baba."

Akaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji wa mtaa aliitwa Machano, mtu mpole mwenye mihuri mitano, na aliipenda yote sawasawa kama wanawe.

"Hili jambo dogo," alisema Machano. "Unajisajili kuwa Mlezi Asiye na Ujira. Mgonjwa anachagua neno jipya la siri. Unajaza Fomu ya Kuthibitisha Faragha, maswali arobaini na moja. Nagonga muhuri, tunabandika ubaoni siku kumi na nne, mwenye pingamizi ajitokeze. Asipotokea mtu, umeshakuwa mlezi."

"Tunabandika nini?"

"Vyote. Fomu na neno."

"Neno la siri?"

Machano akamtazama kwa huruma. Katika Jamhuri ya Stara hakuna jambo lililowahi kufanyika bila kubandikwa ubaoni. Kiwanja hubandikwa, ndoa hubandikwa, mbuzi aliyepotea hubandikwa, na wakati mmoja walibandika kifo cha mtu siku kumi na nne ili mwenye pingamizi ajitokeze, na marehemu mwenyewe akajitokeza. Wizara ilipopewa kazi ya kuhakiki maneno ya siri ya nchi nzima, haikuwazia njia nyingine, kwa sababu njia nyingine haikuwepo.

"Sasa bila kubandika," Machano akauliza, "tutajuaje kama ni la kwake?"

Chumu alishika fomu akaanza kusoma. Swali la kwanza liliuliza jina. La pili liliuliza mgonjwa huoga mara ngapi kwa siku na huanzia wapi. Hakufika la tatu. Masikio yalimwaka moto, akairudisha ile fomu mezani.

"Mambo haya siulizwi mimi," alisema. "Mimi ni mkwe."

"Basi tutamuuliza anayejua."

Karani akaenda kwa Bi. Kazija. Maskini Bi. Kazija aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya dawa, akaacha kupeta mchele na kujibu kwa moyo mmoja. Alijibu maswali yote arobaini na moja, akaongeza mawili ambayo hayakuulizwa, na karani akayaandika kwa sababu nafasi ilikuwepo. Neno jipya la siri Bi. Mize alilitaja mwenyewe kutoka nyuma ya pazia. Lilikuwa bokoboko, kile chakula cha ngano na nyama.

Karatasi ilibandikwa Jumatatu, kwa gundi ya ngano, kati ya tangazo la chanjo ya kuku na tangazo la mkutano wa kujadili tangazo la chanjo ya kuku. Wizara ilifurahi sana. Mtaa ule ulikuwa wa kwanza nchini kutekeleza agizo, kwa hiyo karatasi ikapigwa picha na kuwekwa kwenye ukurasa wa Wizara mtandaoni, chini ya maneno *Faragha Kwanza*.

Pingamizi lilifika Jumanne. Liliwekwa na Mzee Ngwali, muuza chumvi.

"Bokoboko ni neno langu!" alisema mbele ya kikao cha mtaa. "Nimelitumia miaka minne! Watoto wangu hawalijui, mke wangu halijui! Leo nalikuta limebandikwa kwa jina la mtu mwingine!"

Mke wake, aliyekaa mstari wa mbele, akageuka kumtazama. Mama mmoja akainuka nyuma na kusema kwamba hata yeye analo hilohilo. Vijana wawili wa saluni wakanyoosha mikono. Kabla kikao hakijafika katikati, ilikuwa imebainika kwamba nusu ya mtaa inajifungia kwa bokoboko na nusu nyingine kwa tarehe ya uhuru. Machano akagonga meza na kutoa uamuzi wa busara: Mzee Ngwali abaki na bokoboko1, Bi. Mize apewe bokoboko2, na wengine waendelee kwa kufuata mpangilio wa viti. Yote yakaandikwa na kubandikwa. Kisha, kwa kuwa Machano aliheshimu sana faragha, akawasimamisha watu wote, wakainua mkono wa kulia na kuapa kwamba hawatalitumia neno lolote walilolisikia pale. Watu wa Stara ni waaminifu. Wakaapa, na walimaanisha.

Lakini hawakuapa kutosoma. Siku hiyo na siku ya pili watu walisimama mbele ya ubao ule kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Wakajua Bi. Mize hulalia ubavu gani. Wakajua habari za meno yake. Wakajua mambo ambayo hata marehemu mumewe huenda hakuyajua, na wanawake waliokuja kumjulia hali wakawa wanamtazama kwa ile huruma inayotafuta kuthibitisha jambo.

Jioni ya siku hiyo ya pili Chumu aliweka sinia, akakohoa na kusema, "Mama, chakula."

Sinia halikuguswa.

"Mama?"

"Sili," alisema Bi. Mize. "Kuna mtu anaweza kusoma kwamba nimekula."

Chumu alisimama pale na uso wake ameugeuza, akaumia. Aliumia kuliko siku aliyofiwa na Raya, kwa sababu Raya alichukuliwa na Mungu, na hili lilifanywa na ofisi. Alifungua sanduku, akatoa kanga ya marehemu mkewe, akaenda mpaka kwenye ubao na kuifunika ile karatasi juu mpaka chini, akaipigilia misumari kwa nyundo ya dukani kwake.

Asubuhi alikamatwa. Shtaka lilisomeka: *Kuficha siri, kinyume na Sheria ya Kulinda Siri.* Hawakumweka ndani, kwa sababu mahabusu ilikuwa imejaa watu waliofunga mapazia, lakini walimwandika kwenye daftari la wanaotiliwa shaka. Mtu aliyemo kwenye daftari hilo haruhusiwi kuwa mlezi wala kugusa simu ya mgonjwa. Kanga yake ilizuiliwa kama kielelezo.

Hapo ndipo mambo yalipofikia. Neno jipya lilikuwa limeshafungua Kisanduku cha Bi. Mize, na nchi nzima sasa ingeweza kuingia, isipokuwa Chumu, na mgonjwa mwenyewe, ambaye kwa sheria haruhusiwi kujiombea dawa. Alimwomba Bi. Kazija, akalia na kusema ameapa. Alimwomba Mzee Ngwali, akasema ameapa, na zaidi ya hayo mkewe hasemi naye. Nyumbani vidonge vilikuwa vimebaki sita.

Simu ya Bi. Mize ikalia mchana huo. Chumu aliitazama, akakumbuka daftari, akapiga moyo konde na kuipokea.

"Habari za mchana, mzee," ilisema sauti nzuri ya kiofisi. "Naongea na familia ya Bi. Mize? Bokoboko mbili?"

"Nani mwenzangu?"

"Hapa ni Makao Makuu ya Huduma, Kitengo cha Uhakiki." Nyuma yake jogoo akawika, na mtu akapita akinadi mihogo. "Kuna tatizo dogo kwenye akaunti ya mama yetu."

"Wewe ni mwizi?" Chumu akauliza.

"Mzee! Lugha gani hiyo?"

"Nakuuliza kwa uzuri tu. Kama wewe ni wa serikali, nakata simu. Kama ni mwizi, nina shida na wewe."

Jogoo aliwika tena. "Sema shida yako," ilisema ile sauti, na uofisi ulikuwa umepungua.

"Ulikuwepo kwenye kikao cha mtaa? Uliapa?"

"Kikao gani? Mimi niliona picha mtandaoni."

"Afadhali. Sasa umo ndani ya Kisanduku cha mama?"

"Nimo."

"Chini kuna kitufe cha kijani kimeandikwa Omba Dawa. Kibonyeze."

"Mzee, mimi nimekuja kuiba."

"Utaiba ukimaliza. Vidonge vimebaki sita."

"Vidonge vya nini?"

"Vya kuzuia damu isigande. Alishapigwa na kiharusi mara moja, na daktari alisema cha pili hatavuka."

Chumu alisikia mtu akipumua, kisha akasikia sauti ndogo ikisema, "Kinaniuliza kituo cha kuchukulia."

Dawa zililetwa siku ya pili yake na pikipiki ya kituo cha afya, mlangoni, pamoja na karatasi ya kumpongeza mlezi. Yule mwizi aliitwa Kitwana. Alikagua Kisanduku kizima na hakukuta cha maana cha kuiba, maana vya maana vilikuwa vimeshabandikwa. Mwezi uliofuata alipiga simu mwenyewe: "Mzee, tarehe ishirini na nane leo. Mnaomba zilezile?" Mwezi wa tatu aliuliza kama mama anakula vizuri, na akamkumbusha Chumu kwamba ile ya asubuhi inamezwa baada ya chakula, si kabla.

Mwezi wa nne Wizara ikazinduka. Ghorofa ya tatu ilibaini kwamba kati ya akaunti zote za wagonjwa wa Stara, ya Bi. Mize ndiyo iliyotunzwa vizuri kupita zote. Ilifunguliwa tarehe moja, saa moja, kwa simu moja, kwa ajili ya dawa tu. Wakaamua mlezi wake atunukiwe cheti cha taifa. Kwa kuwa kulikuwa na watu wawili wanaohusishwa na mgonjwa, sheria ilitaka washindanishwe.

Kitwana aliitwa kwa barua. Hakushangaa kwamba Wizara inajua anapoishi, alishangaa kwamba barua ilikuwa na picha ya mlango wake. Alikuja na koti la kuazima na chane moja ya ndizi, akasimama sebuleni akielekea pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe mwizi?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Karibu. Kaa."

Mkurugenzi wa Utambuzi aliingia na watu watano na bango. Akatandaza fomu mezani na kutangaza kwamba mlezi wa kweli ni yule anayezijua siri za mgonjwa, kwa hiyo maswali yatasomwa na kila mmoja atajibu.

"Mgonjwa huoga mara ngapi kwa siku, na huanzia wapi? Bwana Chumu."

"Sijui."

"Bwana Kitwana."

Kitwana alitazama sakafu. Akajibu kwa sauti ndogo, akapata.

"Hulalia ubavu gani?"

"Sijui," alisema Chumu.

"Wa kushoto," alisema Kitwana.

Walipofika kwenye swali la meno, Kitwana aliinua mkono. "Mheshimiwa, hili naomba nisilijibu."

"Jibu! Unaongoza!"

Akajibu. Mwisho wa maswali Kitwana alikuwa na arobaini na tatu kati ya arobaini na tatu. Chumu alikuwa na sufuri, na alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Alijua maana ya sufuri ile. Akithibitishwa kwamba si mlezi, hana haki ya kuishi na mgonjwa, na Bi. Mize angepelekwa kwenye Makazi ya Taifa, ambako vyumba ni vya vioo.

"Mkurugenzi!" ilisema sauti nyuma ya pazia.

Bango likashushwa.

"Huyo aliyejua yote, mlimwambia ninyi. Huyu asiyejua kitu nimekaa naye humu ndani miaka sita, na nyumba yenyewe vyumba viwili. Unadhani kutojua kunakuja hivihivi? Anapika, anafua, ananisikia nikikohoa, ananisikia nikilia, na kila siku anafanya kazi ya kutojua. Hiyo kazi ninyi mna ghorofa kumi na moja na imewashinda. Mlezi wangu ni huyo mwenye sufuri."

Mmoja wa wale watano, msichana aliyeshika kamba ya bango, alijifuta macho. Mkurugenzi alipekua fomu mbele na nyuma.

"Maelezo ya mgonjwa," alisema hatimaye, "hayana sehemu ya alama." Akampa Kitwana cheti.

"Lakini mimi ni mwizi," alisema Kitwana.

"Kukiri kuna fomu yake. Hubandikwa siku kumi na nne."

Walipoondoka, wale wanaume wawili walibaki wamekaa, cheti kikiwa mezani kando ya ndizi. Kitwana alitoa simu yake ili aone kama kweli ameshaandikishwa. Akakunja uso.

"Mzee, njoo uone. Mlezi aliyesajiliwa anafunguliwa ukurasa mwingine. Kuna kitufe hapa, Ongeza Mlezi. Unaingia kwa simu yako mwenyewe na neno lako mwenyewe, unaomba dawa tu. La mama hulijui, wala hulihitaji."

"Kimewekwa leo?"

"Kipo tangu mwanzo. Nadhani aliyekitengeneza hakuulizwa."

Akamwongeza Chumu, na mfumo ukakubali na kumwandika mlezi mwenye haki ya kuishi na mgonjwa, kwa kuwa daftari la wanaotiliwa shaka lilikuwa la karatasi. Kisha Kitwana akajifuta mwenyewe. Alisita kidogo kabla ya kubonyeza, kama mtu anayeacha kazi aliyoipenda.

"Mama," alisema akielekea pazia, "lile neno tulibadilishe. Sasa chagua refu, lisiwe chakula wala jina la mtu. Usimwambie yeyote. Mimi usiniambie kabisa, mimi najijua."

Mkono wa kushoto ulitokeza ukingoni mwa pazia, ukachukua simu yake kigodani na kurudi ndani. Chumu na Kitwana wakageuza nyuso, ingawa pazia lilikuwa limefungwa. Walisikia kidole kikigonga kioo polepole, kikisimama, kikigonga tena. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyejitolea kusaidia.

"Tayari," alisema Bi. Mize.

Kitwana, kwa mazoea ya kazi, alifungua mdomo aulize. Chumu alimtazama, akaufunga.

Chumu akaenda jikoni kuinjika uji, akimenya ndizi moja njiani. Kwa mara ya kwanza tangu serikali ianze kumlindia siri zake, Bi. Mize alikuwa nayo moja.